Magdalene Odundo na Heshima ya Udongo

Hapa Shelly Beach, Likoni, ninakokaa, mtungi wa maji umekwisha kuondoka katika nyumba nyingi, na dumu la plastiki limekaa mahali pake. Nilipousifu mtungi wa bibi yake mbele ya binti mmoja wa jirani, alinijibu: "Mjomba, ufinyanzi nao utampeleka mtu wapi?"

Swali hilo lina jibu, nalo ni Bibi Magdalene Odundo.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, na utotoni alikaa Delhi na hapa Mombasa. Mwaka 1971 alikwenda Uingereza kusomea sanaa, na huko udongo ukamteka. Ajabu ni kwamba ilimbidi arudi Afrika ndipo aione njia yake. Mwaka 1974 alifika Nijeria, Abuja ya zamani iitwayo leo Suleja, penye kiwanda cha ufinyanzi alichokianzisha Mwingereza Michael Cardew. Humo alijifunza kwa wanawake wa Kigwari, akiwamo Ladi Kwali, ambaye sura yake imo katika noti ya naira 20. Mitungi yao mikubwa hawakuifinyanga kwa gurudumu. Waliipandisha kwa mikono, pindi juu ya pindi. Baadaye alizuru San Ildefonso, Marekani, kijiji cha mfinyanzi Maria Martinez, kutazama vyungu vyeusi ving'aavyo.

Kazi ya Bibi Odundo ni ya subira. Hupandisha udongo kwa mkono, akausugua mpaka ung'are, asiupake rangi ya kioo. Moto wa kwanza, wenye hewa, hukitoa chombo chekundu. Akitaka cheusi, hukichoma tena kikiwa kimefungiwa na vipande vya miti, moshi ukakiingia. Vyombo vyake vina shingo ndefu na tumbo la mviringo, mfano wa mama mja mzito. Vingine vimehifadhiwa katika British Museum, London. Mwaka 2020 Uingereza ilimtunuku cheo cha "Dame".

Wazee walisema mfinyanzi hulia gaeni. Naona lawama ni yetu sisi wanunuzi. Chungu kilichomchosha mama siku kadhaa twakipigania bei mpaka shilingi ya mwisho, kisha twastaajabu binti zake wakiikimbia kazi. Ukikutana na mfinyanzi sokoni, mlipe haki yake, umwulize na jinsi alivyokifinyanga.