Kasongo: mchele upo, njia ndiyo ghali

Kasongo, mji wa jimbo la Maniema mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iko mbali na bahari, lakini biashara yake ni kama ya kisiwani. Mji uko mashariki ya mto Lualaba, na reli ya Kindu hadi Kongolo, iliyojengwa kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, imepita magharibi. Mwenye mzigo anayetaka treni sharti avuke kwanza, kisha atafute njia ya kufika stesheni ya Samba. Anayeshika barabara ya Kindu, kilomita zipatazo 240, naye atakutana na mto uleule mwisho wa safari, pale Alunguli, maana katikati ya mji wa Kindu ni ng'ambo.

Mali ipo. Mpunga wa huku ni wa nchi kavu: watu hufyeka msitu, huchoma, hupanda mvua zikianza. Ulistawi wakati wa Tippu Tip na wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu waliofanya Kasongo makao yao kuanzia miaka ya 1870. Majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji mwaka 1893, na kuanzia 1917 serikali ya kikoloni ikaleta kilimo cha lazima, pamba ikiwa mbele. Pamba imekwisha, mpunga na Kiswahili vimebaki. Mfanyabiashara wa Kasongo hupatana bei Kalemie, Uvira hata Kigoma bila mkalimani, na huo ni mtaji.

Anayeibeba biashara hii ni msukuma baiskeli. Itazameni baiskeli yake: fremu imeongezwa vyuma vya kuchomelea, mti mmoja umefungwa kwenye usukani ili aiongoze akiwa pembeni, mwingine umesimamishwa nyuma ya kiti wa kusukumia. Pedali hazina kazi. Mizigo ya mchele imelazwa juu, madumu ya mawese yananing'inia ubavuni, jumla kilo 100 na zaidi. Kilima hupandwa na watu wawili, mmoja akisukuma, mwenzake akivuta kamba. Akirudi huleta chumvi, sabuni, vitenge, dawa na betri. Kila kizuizi barabarani kina mkono ulionyooshwa, na gharama hiyo huingia kwenye bei ya chumvi.

Ndiyo maana mkulima hubanwa pande mbili: huuza rahisi, hununua ghali. Wengi huchukua bidhaa kwa mali kauli miezi ya njaa na kulipa kwa mpunga ambao bado uko shambani, kwa bei aliyoipanga mkopeshaji. Simlaumu sana mkopeshaji. Naye hajui mzigo wake utafika lini.

Soko lenye fedha ya haraka liko kwa jirani, Kabambare, kwenye dhahabu ya Salamabila. Huko kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara kwenye mgodi wa Namoya mwaka 2016, ikasimamisha kazi 2019, baada ya wafanyakazi wake kutekwa nyara zaidi ya mara moja, na baada ya mapigano na wapiganaji wa kundi la Mai-Mai Malaika. Wachimbaji wa mikono hawakuondoka. Nao wanakula, na chakula chao chatoka mashambani. Lakini dhahabu hiyohiyo huwavuta vijana waache jembe, na silaha zikilia njia hufungwa, mchele ukalala ghalani.

Kwingine kuvuka maji hugharimiwa vingine. Kwenye visiwa vya Åland, Finland, ambako watu husema Kiswidi, kuna halmashauri iitwayo Sottunga, yenye wakazi wapatao 100. Inaishi kwa sababu serikali ya visiwa hutoa fedha za feri. Gharama ya kuvuka haikuachwa mabegani mwa mkazi peke yake. Kasongo ina watu wengi kuliko Sottunga mara nyingi mno, inalisha wengine, na bado kuvuka ni shauri la mwenye mzigo na mwenye mtumbwi.

Wanasiasa wa Kindu, makao makuu ya jimbo, hupenda kuahidi mashine za kukoboa. Mashine ni njema, hasa kwa akina mama wanaotwanga kwa kinu. Lakini fedha ya kwanza iende kwenye pantoni ya kuaminika, madaraja madogo ya barabara ya Kindu, na mabehewa yanayopita Samba kwa siku inayojulikana. Kukoboa zaidi kabla ya hapo ni kuongeza mchele usio na pa kutokea, na bei itakayoshuka ni ya mkulima.