Kazi Inapokufuata Hadi Mezani

Ndugu msomaji, hebu kumbuka usiku mmoja wa juma hili. Umekwisha kunawa mikono, watoto wameketi, ugali ungali unatoa moshi. Mara simu inalia: ujumbe umeingia katika kundi la WhatsApp la ofisini. Takwimu za mwezi zinatakiwa kabla ya saa mbili asubuhi. Unanyanyuka. Unaporudi, ugali umepoa, na mtoto aliyetaka kukuonyesha daftari lake amekwisha kusinzia.

Si haki kuilaumu mashine pasipo kuishukuru. Karani wa mishahara aliyekuwa akijumlisha leja kwa mkono hata macho yakamuuma, leo huimaliza kazi ile kwa kompyuta kwa muda mfupi, na akili yake huitumia katika mambo yanayostahili akili. Lakini muulize: muda uliookolewa umekwenda wapi? Atakujibu kwamba umejazwa kazi nyingine, kisha jioni yake nayo ikachukuliwa.

Wengi hudhani kwamba kinachomwondolea mfanyakazi furaha ni wingi wa kazi. Mtazame seremala. Huchoka sana, lakini kiti kikiisha huweka randa chini, akakizunguka akikitazama. Furaha yake imo katika kule kumaliza. Mtu aliyebeba ofisi mfukoni hamalizi kamwe. Hata usiku usio na ujumbe hapumziki, kwa kuwa anaungoja. Kwa mama aliyeajiriwa, ambaye mara nyingi ndiye pia anayetazamiwa jikoni, adha hii ni maradufu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inasema kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Saa za ziada zifanywe kwa makubaliano, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Tena, kwa kawaida, mfanyakazi apate saa 12 mfululizo za kupumzika kabla ya kuanza kazi tena. Je, zile dakika 20 za kujibu ujumbe saa tatu usiku huandikwa katika daftari gani la mahudhurio?

Wenzetu wa Ufaransa waliliona jambo hili mapema. Sheria yao ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Januari 1, 2017, iliutambua uhuru wa mfanyakazi kujitenga na simu na barua pepe za kazini baada ya saa za kazi. Australia ikafuata mwaka 2024.

Nawe usingoje sheria mpya. Lifikisheni suala hili katika kikao cha wafanyakazi, mkubaliane na wakuu wenu ni dharura gani ihalalishe simu ya usiku, na ni saa ngapi kundi lile linyamaze. Na wewe uliye mkuu wa idara, wazo likikujia saa tatu usiku, liandike kwenye karatasi. Ulitume asubuhi.