"Usimbaji" na "Usimbaji Fiche"

Wafasiri wengi hulitumia neno "usimbaji" kwa mambo mawili yaliyo mbalimbali. Tuchukue mfano wa jina la Msangeni, katika Milima ya Upare. Kwa kanuni iitwayo Base64, jina hilo huandikwa TXNhbmdlbmk=. Kwa macho halisomeki, lakini kompyuta yoyote hulirudisha pasipo ufunguo. Huo ni usimbaji tu, yaani kubadili maandishi kwa kanuni ijulikanayo na wote. Maandishi yaliyosimbwa fiche, kinyume chake, hufumbuliwa na mwenye ufunguo peke yake.

Tofauti hii ina uzito kazini. Siku hizi kompyuta za mbali, ziitwazo wingu, hupangwa kwa maagizo yaliyoandikwa katika faili zinazosomwa na watendaji wengi. Nywila ya kanzidata ikiandikwa humo, kila msomaji ataipata. Hata programu ya Kubernetes, isipopangwa vinginevyo, huziandika siri kwa Base64 na kuzihifadhi bila kuzisimba fiche. Mtaalamu hana budi kuuwasha usimbaji fiche mwenyewe, na ufunguo auweke mbali na siri zenyewe.

Basi mfasiri wa mwongozo akiliacha neno "fiche", afisa atadhani siri zake zimefungwa, kumbe mlango u wazi. Tunapendekeza istilahi hizi mbili zitenganishwe daima. Aidha, "kuficha" lisitumike mahali pa "kusimba fiche", maana kilichofichwa huonwa na yeyote atakayekitafuta.