Tovuti Mpya ni Bora Kweli? Jinsi ya Kupima, na Watu Wangapi Wanatosha

Mfanyabiashara anayefungua tovuti kulipia leseni, awe Matuu au Mlolongo, hutaka jambo moja: amalize haraka na apate risiti yake. Wanaotengeneza kurasa hizo nao hutaka kujua ni muundo upi unaomsaidia kumaliza. Njia ya kujua ni kufanya jaribio. Baadhi ya watu huonyeshwa ukurasa wa zamani, wengine huonyeshwa mpya, kisha matokeo hulinganishwa.

Jaribio likipangwa vibaya, fedha za umma hutumika kulipia mabadiliko yasiyomsaidia mtu. Ndiyo maana ni vyema kila mwananchi ajue jinsi jaribio zuri linavyopangwa.

Funzo kutoka kwa "Mambo?"

Kuanzia Mei 2007 hadi Oktoba 2008, watafiti waliandikisha watu 538 waliokuwa wakianza kutumia dawa za kupunguza makali ya VVU katika vituo vitatu vya afya nchini Kenya. Waligawanywa kwa kura. Watu 273 walitumiwa ujumbe mfupi wa simu kila wiki, nao 265 wakaendelea na huduma ya kawaida. Ujumbe uliuliza tu "Mambo?" na mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyekuwa na shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa afya.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet. Katika kundi la ujumbe, watu 168, yaani asilimia 62, walieleza kuwa walimeza dawa ipasavyo. Katika kundi la pili walikuwa 132, yaani asilimia 50.

Tazama kazi ya kundi la pili. Lisingekuwepo, mtu angejisifu kuwa ujumbe umewasaidia asilimia 62. Lakini nusu ya wagonjwa walifanya vyema hata bila ujumbe. Faida ya kweli ilikuwa ile tofauti ya asilimia 12.

Ukubwa wa kundi hutoka wapi?

Rusha sarafu mara 10. Ingawa sarafu haina upendeleo, takriban mara moja kati ya majaribio sita utapata upande wa kichwa mara saba au zaidi. Vivyo hivyo, watu 10 wakijaribu ukurasa mpya na saba wakafaulu, huenda ni bahati tu. Kundi likiwa kubwa, bahati hupungua nguvu.

Lakini kubwa kiasi gani? Jibu hutegemea tofauti ndogo kabisa ambayo ingekufanya ubadilishe uamuzi wako. Kuna hesabu ya kukadiria unayoweza kufanya kwa kikokotoo cha simu. Chukua mfano wa "Mambo?". Wastani wa asilimia 50 na 62 ni 56, yaani 0.56. Zidisha kwa sehemu iliyobaki, 0.44, kisha zidisha kwa 16. Gawanya jibu hilo kwa tofauti iliyozidishwa kwa yenyewe, yaani 0.12 mara 0.12. Utapata takriban watu 274 kwa kila kundi, karibu sawa na idadi waliyokuwa nayo watafiti hao. Makundi ya ukubwa huo yana nafasi nane kati ya kumi za kuonyesha tofauti hiyo, ikiwa kweli ipo.

Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika kila watu 100 wanaofungua ukurasa wa malipo, 10 pekee humaliza. Ukitaka kujua kama ukurasa mpya utafikisha 15, unahitaji takriban watu 700 kwa kila kundi. Ukitaka kutambua ongezeko dogo la kutoka 10 hadi 12, unahitaji takriban watu 3,900 kwa kila kundi, yaani 7,800 kwa jumla. Ikiwa ukurasa hutembelewa na watu 300 kwa siku, jaribio litachukua siku 26. Kadiri tofauti inavyokuwa ndogo, ndivyo watu wanaohitajika wanavyoongezeka kwa kasi.

Kwa hiyo tovuti yenye wageni wachache isihangaike kupima rangi ya kitufe. Ijaribu jambo zito, kama kupunguza hatua za fomu kutoka nane hadi tatu. Pia isigawanye watu wake wachache katika makundi mengi, maana kila kundi litabaki dogo mno kusema lolote.

Makosa manne ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kugawa watu kwa maeneo. Ukiwapa wakazi wa Mavoko ukurasa mpya na wa Masinga ule wa zamani, hutajua kama tofauti imeletwa na ukurasa au na mtandao, aina ya simu na shughuli za watu wa kila upande. Gawa kwa kura, ili kila kundi liwe na watu wa kila mahali.

Kosa la pili ni kulinganisha kabla na baada. Mwanzoni mwa mwaka wafanyabiashara wengi huwa mbioni kulipia leseni. Ukurasa mpya ukizinduliwa wakati huo, malipo yatapanda hata kama ukurasa wenyewe ni mbaya. Kurasa zote mbili zinapaswa kutumika kwa wakati mmoja, kwa wiki kamili, kwa kuwa siku ya soko si sawa na Jumapili.

Kosa la tatu ni kuhesabu mashine badala ya watu. Kompyuta moja ya saiba huhudumia wateja wengi kwa siku, na mtu mmoja anaweza kuanza kwenye simu akamalizia saiba. Ni afadhali kura ipigwe kwa akaunti ya mtumiaji, ili kila mtu aone ukurasa uleule hadi mwisho.

Kosa la nne ni kuchungulia matokeo kila siku na kusimamisha jaribio pale yanapopendeza. Ni sawa na kurusha sarafu na kuacha pale tu kichwa kinapoongoza. Idadi ya watu na tarehe ya mwisho ziandikwe kabla ya kuanza, na ziheshimiwe.

Kipimo nacho kichaguliwe mapema. Kuhesabu waliobonyeza kitufe hakutoshi. Hesabu waliopata risiti.

Haki ya mwananchi

Jaribio halipaswi kumtoza mtu ada tofauti wala kumnyima huduma. Taarifa zake zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tukumbuke pia kwamba jaribio la tovuti huwapima wanaoifikia tovuti tu. Mama mboga asiye na simu ya intaneti hayumo katika hesabu hiyo, na matokeo yake hayawezi kumsemea.

Katiba, katika Kifungu cha 201, inataka uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa umma katika masuala ya fedha za umma. Basi katika kikao cha ushirikishwaji wa umma, ukiambiwa kuwa mfumo fulani umeleta mafanikio, uliza haya:

- Ulilinganishwa na nini, na kwa wakati mmoja?
- Watu waligawanywa kwa kura?
- Kila kundi lilikuwa na watu wangapi, na idadi hiyo iliamuliwa lini?
- Ni wangapi waliomaliza na kupata huduma?
- Ni akina nani ambao hawakuhesabiwa?

Huhitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta ili kuuliza. Mfumo uliopimwa vyema utakuwa na majibu tayari.