Seva Moja Ilipoanguka

Oktoba 2025 watu wa Matrix, mtandao huria wa kutumiana ujumbe, walikutana Strasbourg, Ufaransa. Mwaka uliotangulia walikuwa Berlin. Safari hii walikuja na kidonda kibichi: wiki sita tu nyuma yao, seva kubwa kuliko zote katika mtandao wao ilikuwa imezimika.

Matrix ilizinduliwa mwaka 2014 na Matthew Hodgson na Amandine Le Pape, na kwenye karatasi mpango wake hauna kasoro. Badala ya kampuni moja kushika mazungumzo ya dunia nzima, kila taasisi inaendesha seva yake, na seva zinapelekeana ujumbe kama ilivyo kwa barua pepe. Chumba cha mazungumzo hakina mwenyewe mmoja; nakala yake inakaa kwenye kila seva yenye mshiriki. Anayekumbuka Oktoba 4, 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilipopotea kwa takriban saa sita, hahitaji kushawishiwa.

Basi Septemba 2, 2025 diski za hifadhidata ya akiba ya matrix.org, seva hiyo kubwa kuliko zote, ziliharibika. Mafundi wakiwa katikati ya kuinusuru, hifadhidata kuu nayo ikaanguka. Ikabidi kurejesha zaidi ya terabaiti 50 kutoka kwenye nakala, kazi iliyokula takriban siku nzima. Waliokuwa na seva zao waliendelea kuzungumza bila shida, na hapo mpango ulitimiza ahadi. Lakini umma wa kawaida ulikuwa umejirundika hapohapo matrix.org. Mtu anapojisajili akaulizwa achague seva, huchukua ile aliyowekewa tayari. Nani asingefanya hivyo? Uhuru wa kuendesha seva unataka fundi, umeme na mtu wa kuamka usiku, na wengi wetu hatuna hata kimoja cha kutoa.

Serikali zinavyo. Ufaransa ilizindua Tchap, programu yake ya watumishi wa umma iliyojengwa juu ya Matrix, Aprili 2019, na aibu ikafika mapema. Mtafiti mmoja wa usalama aliandika anwani yake ya barua pepe, akabandika mwishoni anwani ya ikulu. Mfumo ukatazama mwisho, ukaridhika kwamba ni mtu wa ikulu, kisha ukatuma barua ya uthibitisho kwenye anwani ya mwanzo. Akaingia. Usimbaji haukuvunjwa, mlango tu ndio ulioachwa wazi, na ukafungwa haraka. Wafaransa hawakuitupa programu kwa kosa hilo, nami naona huo ndio uamuzi uliowafikisha mbali. Julai 2025 waziri mkuu aliagiza wizara ziitumie badala ya WhatsApp na Telegram kuanzia Septemba 1, siku moja kabla ya matrix.org kuzimika. Tchap haikuguswa, kwa kuwa ina seva zake. Jeshi la Ujerumani nalo lina BwMessenger, iliyojengwa kwa msingi uleule.

Penye udhaifu hasa ni mfukoni. Programu huria inachukuliwa bure, kandarasi za kuisimika zinaliwa na wengine, na wanaotengeneza msimbo wenyewe hubaki wakihangaika. Februari 2025 Taasisi ya Matrix.org ilitangaza kwamba bila dola 100,000 kufikia mwisho wa Machi, ingefunga madaraja yanayoiunganisha Matrix na mitandao mingine. Fedha hizo ni kidogo mno mbele ya bajeti ya wizara moja ya Ulaya. Kampuni ya Element, inayoandika sehemu kubwa ya msimbo, ilikuwa imeshabadili leseni mwaka 2023 ili wanaofaidika wachangie, na baadhi ya wapenzi wa programu huria walinung'unika. Mimi siwalaumu Element.

Kwa hiyo taasisi yoyote, ya Ulaya au ya kwetu, inayofikiria kuiacha WhatsApp, ianzie kwenye bajeti: mshahara wa mtunza seva, na mchango wa kila mwaka kwa wanaoutunza msimbo. Isipoweza hayo mawili, isianze.