Je, Wajua? Kioo kikisema "imetuma", usishangilie bado

Kandokando ya mito mingi ya Marekani kuna vibanda vidogo vyenye mitambo inayopima kimo cha maji na kurusha takwimu kwa satelaiti za GOES, zilizo juu ya ikweta, umbali wa kilomita 35,786 hivi. Kila mtambo una zamu yake, mara nyingi sekunde chache tu kila saa. Ukikosea muda unamkanyaga jirani. Ndiyo maana fundi akifungua kasha hutazama kwanza kama saa imelingana na GPS.

Kisha volti za betri, na hizi zisomwe wakati wa kurusha. Betri chakavu itaonyesha 12.6 ikiwa imetulia, halafu iporomoke mara tu mtambo unapovuta umeme. Nguvu ya kurusha inayorudi mtamboni ikikaribia ile iliyotoka, mshukiwa ni antena au waya wake, wala si satelaiti.

Lakini "imetuma" ni kauli ya mtambo wenyewe. Njia ni ya kwenda tu, satelaiti haijibu kitu. Anayetaka uhakika hupiga simu ofisini kuuliza kama takwimu zimeingia.