Kocha wa Barazani: Ulimi wa Mtazamaji na Jasho la Mchezaji



Ndugu wanafunzi, hapa kwetu Tanga mpira ni sehemu ya maisha. Mtu akipita jioni kwenye mabaraza ya kahawa, au akisimama nje ya kibanda umiza siku ya mechi, atasikia makocha wengi kuliko wachezaji waliomo uwanjani. Mmoja amekunja miguu, kikombe cha kahawa mkononi, anasema, "Mpira ule hata mimi ningefunga." Wa pili anasema golikipa amelala. Wa tatu anaapa kwamba winga yule hafai hata kucheza mchangani. Na wote watatu hawajavaa viatu vya mpira kwa miaka kumi.

Katika makala hii tutaeleza kwa nini mchezo huonekana rahisi kwa aliyekaa, maneno yetu yana uzito gani, na mpaka wa kukosoa uko wapi.

MACHO YA MTAZAMAJI SI MACHO YA MCHEZAJI

Kwanza, kamera ya televisheni hukaa juu. Aliye mbele ya televisheni huuona uwanja kama ramani, na humwona mchezaji aliye peke yake upande wa pili. Mwenye mpira hana ramani hiyo. Macho yake yako usawa wa vifua vya watu, mpira uko mguuni, beki anamsukuma mgongoni, na pumzi imembana. Tunachokiona sisi kwa utulivu, yeye ana nusu ya sekunde kukitafuta.

Pili, televisheni humrudishia mtazamaji tukio lile lile mara tatu, tena polepole. Mwamuzi na mchezaji wameliona mara moja tu, kwa kasi yake. Ndiyo maana kila mtu kibandani ni hodari wa kujua nani ameotea.

Tatu, mtazamaji huhukumu baada ya kuyajua matokeo. Kocha akimwingiza kijana na kijana akafunga, tunasema kocha ana akili. Kijana yule yule akikosa, tunasema kocha hajui kazi. Uamuzi ulikuwa mmoja, kilichobadilika ni matokeo.

Chukueni mfano wa penalti. Goli lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44. Mpira huwekwa mita 11 kutoka mstari wa goli. Ukipigwa kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, hufika kwa muda wa kama sehemu nne katika kumi za sekunde moja. Jicho kuona na mwili kuanza kuitika huchukua takriban nusu ya muda huo. Muda unaobaki hautoshi kuruka hadi kwenye nguzo. Basi golikipa hulazimika kukisia upande kabla hajajua, na akikisia vibaya sisi tunasema "amelala". Siku ya mapumziko pimeni mita 11 mchangani, msimame golini mmoja mmoja, kisha mrudi barazani mkahadithie.

Tena msisahau joto la pwani yetu. Mwili hupoa jasho linapokauka. Hewa ikiwa na unyevu mwingi kama ya Tanga, jasho hutiririka tu bila kukauka upesi, na joto hubaki mwilini. Mchezaji anayetembea dakika ya 80 pengine si mvivu.

TUTAZAME TIMU ZETU

Uwanja wetu wa Mkwakwani umeona furaha na huzuni. Mwaka 1988 Coastal Union, Wagosi wa Kaya, walikuwa mabingwa wa Tanzania. Mwaka 2016 timu tatu za Tanga, yaani Coastal Union, African Sports na Mgambo, zilishuka daraja zote kwa pamoja msimu mmoja. Siku zile kila baraza lilikuwa na mchawi wake, mara kocha, mara viongozi, mara washambuliaji. Swali ambalo halikuulizwa sana ni hili: kati ya wanaolaumu, ni wangapi waliokata tiketi na kuingia Mkwakwani wakati timu inahangaika? Kocha wa barazani huipenda timu inaposhinda, na ikishindwa huwa hakimu wake.

Kisha tarehe 2 Julai 2022 Coastal Union walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Yanga, katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Mechi iliisha mabao 3 kwa 3, na mabao yote matatu ya Coastal yalifungwa na kijana mmoja, Abdul Suleiman "Sopu". Yanga wakashinda kwa mikwaju ya penalti. Asiyetazama akasoma matokeo peke yake, atasema Coastal wameshindwa. Aliyetazama anajua ile ilikuwa kazi kubwa kiasi gani.

Timu yetu ya Taifa nayo imebebeshwa jina. Hayati Mzee Ali Hassan Mwinyi anakumbukwa kwa kuufananisha mpira wetu na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila mtu hujifunzia kunyoa. Watu wakaufanya msemo ule kuwa wimbo wa kila siku. Baada ya kucheza fainali za Afrika mwaka 1980, Taifa Stars ilisubiri miaka 39 kurudi. Ilipofika Misri mwaka 2019 ilifungwa mechi zote tatu, ikiwemo ile ya Kenya ambayo Stars iliongoza mara mbili kisha ikalala 3 kwa 2. Lawama zilikuwa nyingi. Lakini vijana wale walikuwa wamefika mahali ambapo vizazi vya wachezaji kabla yao havikufika.

WA MWISHO ALIYEKUWA WA KWANZA

Tuache mpira kidogo, tutazame riadha. Mwaka 1968 Mtanzania John Stephen Akhwari alikimbia marathoni ya Olimpiki katika jiji la Mexico, lililo juu ya usawa wa bahari zaidi ya mita 2,200, mahali ambapo hewa ni nyepesi. Njiani alianguka, akaumia goti na bega. Alifungwa bandeji akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amekwisha kumaliza zaidi ya saa moja nyuma, jua limeshatua, Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Wengine zaidi ya kumi walikuwa wameacha njiani.

Wakati ule Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Ilikuja mwaka 1994. Mtu aliyepata habari ya namba peke yake angeweza kucheka: "Tumepeleka mtu akawa wa mwisho!" Walioona goti lile walisimama na kumpigia makofi. Namba ni ile ile, na hukumu zimepishana kama mbingu na ardhi.

Alphonce Simbu naye alipata nishani ya shaba ya dunia London mwaka 2017. Miaka ikapita. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 alikuwa wa 17, na barazani mtu wa 17 huitwa "kwisha". Septemba 2025 huko Tokyo akawa bingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda sawa na Mjerumani Amanal Petros, akimpita kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Mwendo huo maana yake ni mita 100 kwa sekunde kama 18 na nusu. Kijana mwenye afya anaweza kuufikia. Lakini Simbu aliufanya mara 421 mfululizo bila kupumzika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

ULIMI KATIKA DINI YETU

Haya si mambo ya mpira peke yake. Katika Surat Aal Imran aya ya 168 wanatajwa watu waliokaa majumbani siku ya Uhud, kisha wakasema kuhusu ndugu zao kwamba lau wangeliwafuata wao wasingeliuawa. Mpira si Uhud, wala mchezaji hafananishwi na mashahidi wale. Lakini maradhi ya ulimi ni yale yale: aliyekaa kumfundisha aliyetoka.

Surat al-Hujurat aya ya 11 inakataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Kumwita mtu "galasa" mbele ya watu, kumcheka umbo lake au kumtukania mama yake kwa sababu ya pasi iliyopotea, kunaingia humo moja kwa moja.

Tena Imam Bukhari amepokea kisa cha ngamia wa Mtume, rehma na amani zimshukie, aliyeitwa al-Adhbaa. Hakuwa akishindwa mbio. Siku moja bedui akaja na ngamia wake akampita, na Masahaba wakahuzunika. Mtume akawafahamisha kwamba hakuna kinachopanda katika dunia ila Mwenyezi Mungu hukishusha. Hakulaumiwa ngamia, wala hakutukanwa bedui.

Na ipo hasira nyingine ambayo si ya mapenzi ya timu. Kijana amecheza kamari, "mkeka" wake umechanika, anamtukana mshambuliaji aliyekosa bao. Huyu ana makosa mawili: kamari, na kumdhulumu asiyemdai chochote.

MIZANI YA KUKOSOA

Hatusemi mtu asikosoe. Bila kukosolewa hakuna anayeendelea, awe mchezaji au mwanafunzi wa tajwidi. Ila kabla hujasema, jiulize haya:

1. Je, nimeliona tukio lote, au nimesikia matokeo tu?
2. Je, ninakosoa kitendo, au ninamvunjia mtu heshima? "Pasi ile ilichelewa" ni kukosoa. "Yule hana akili" ni tusi.
3. Je, mchezaji huyu angekuwa kaka yangu, na mama yetu amekaa hapa anasikiliza, ningesema hivi?
4. Je, mimi mwenyewe nimetoa nini kwa timu hii?

Vijana wetu, wengi wenu mnayajua majina ya wachezaji wa Ulaya kuliko mnavyozijua nguvu za miguu yenu. Baada ya Alasiri tokeni, mkimbie, mcheze, mshindwe na mshinde. Aliyewahi kukosa penalti mbele ya wenzake hujifunza kumhurumia mwingine aliyekosa.

Tunamuomba Allah azihifadhi ndimi zetu na atupe insafu katika kuwahukumu watu. Wabillahi tawfiq.